Kuanua Matanga Ziwani: Faraja ya Wafiwa na Funzo la Usalama Baada ya Ajali ya Mchigondo

Jumapili ya tarehe 30 Julai 2023, waumini waliokuwa wakirejea makwao kutoka ibadani walipatwa na ajali katika Ziwa Victoria, eneo la kijiji cha Mchigondo, wilayani Bunda, mkoani Mara. Mitumbwi miwili ilizama. Kati ya watu 28 waliokuwamo, 14 waliokolewa na 14 walipoteza maisha, wakiwamo watoto.

Haikuwa safari ya mbali. Ilikuwa safari ya aina ile inayofanywa kila juma na wakazi wengi wa mwambao: kwenda kusali, kuuza dagaa, kumpeleka mgonjwa zahanati au kumjulia hali ndugu aliye ng'ambo ya ghuba. Kwa sababu hiyo msiba wa Mchigondo haukubaki kuwa wa Bunda peke yake. Kila mwalo kuanzia Majita hadi Musoma mjini ulijiona katika mitumbwi ile miwili.

Kwa Kiswahili, kumaliza kipindi cha maombolezo huitwa kuanua matanga. Tanga ni kitambaa cha chombo cha majini, na kulianua ni kulishusha baada ya safari. Kwa aliyefiwa kwa ugonjwa, siku za matanga zinajulikana. Kwa aliyefiwa majini, siku hizo zinaweza kukosa mwanzo, kwa kuwa mwili haujaonekana, na zikakosa mwisho, kwa kuwa hakuna aliyeeleza kilichotokea. Mambo matatu huisaidia familia kufika mwisho huo: kumpata aliyepotea, kuujua ukweli wa ajali, na kuona kwamba safari zinazofuata hazifanywi tena kama ile iliyoua. Yote matatu huanzia mahali pamoja, nayo ni idadi kamili ya watu waliopanda chombo.

Ziwa linalounganisha na kutenganisha

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu ya eneo hilo iko Tanzania. Upande wa Mara, ufuo wake umejaa ghuba na rasi. Bunda inatazama Ghuba ya Speke, na kutoka Kisorya kivuko huvusha watu na magari kwenda Rugezi, Ukerewe. Rasi ya Majita, katika Wilaya ya Musoma, inachomoza ziwani, na mbele yake vimo visiwa vinavyokaliwa, kikiwamo Rukuba. Mji wa Musoma umekaa penye Ghuba ya Mara, mahali Mto Mara unapomwaga maji yake baada ya kupita mbuga na maeneo oevu ya bonde lake. Wilaya ya Butiama, aliyozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, inagusa bonde hilo la Mto Mara, ambako wakazi wake pia hutumia mitumbwi kuvua na kuvuka.

Umbo hili la nchi lina maana kubwa kwa usalama. Vijiji viwili vinavyotazamana vinaweza kuwa karibu kwa njia ya maji na mbali sana kwa barabara inayozunguka ghuba. Mtumbwi wa mvuvi, uliotengenezwa kwa ajili ya nyavu na samaki, hugeuka basi la abiria siku ya gulio, siku ya mazishi na siku ya ibada. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu chombo ni kilekile lakini mzigo si uleule. Samaki na nyavu hukaa chini ya mtumbwi. Abiria hukaa juu, husimama, hugeuka na, wanapoogopa, hukimbilia upande mmoja.

Idadi ndiyo mwanzo wa faraja

Katika ajali ya Mchigondo, idadi ya waliokuwamo ilijulikana mapema. Waliokuwa wakitafuta walifahamu wanatafuta watu wangapi, na kila familia iliweza kujua kama mtu wake yuko miongoni mwa waliookolewa au miongoni mwa waliopotea. Katika msiba, hilo si jambo dogo.

Historia ya ajali za majini nchini inaonyesha hali inavyokuwa idadi inapokosekana. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya 800 wanaripotiwa kufariki. Hadi leo hesabu ya waliokuwamo hutajwa kwa makadirio. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa takriban 200, ilhali uchunguzi uliofuata ulihitimisha kwamba waliopotea walizidi 1,000. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni familia zilizoswali na kuomboleza bila kaburi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichobeba jina la mwana wa Butiama, kilipinduka kikiwa kimebakiza umbali mfupi kufika Bwisya, kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki walikuwa 228 na walionusurika 41. Katika siku za mwanzo ilikuwa vigumu kusema ni watu wangapi waliokuwamo, kwa kuwa mkatisha tiketi alifariki na mashine ya tiketi iliyokuwa na kumbukumbu ilipotelea majini.

Funzo lake ni jepesi kulitaja na jepesi kulitekeleza. Orodha ya abiria isibaki ndani ya chombo peke yake. Nakala ibaki nchi kavu, kwa mtu anayejulikana: kiongozi wa mwalo, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, mwenyekiti wa kitongoji au kiongozi wa msafara. Kwa mtumbwi wa kijiji inatosha daftari moja lenye majina, umri wa watoto, namba ya simu ya ndugu mmoja wa kila abiria, saa ya kuondoka na mahali pa kufikia. Anayebaki na daftari awe na wajibu wa kuuliza kama wamefika. Bila orodha hiyo, waokoaji hawajui lini wamalize kazi, na wafiwa hawajui lini waanze matanga.

Kumtafuta na kumtambua aliyepotea

Mara taarifa ya ajali inapopatikana, wavuvi walio karibu ndio hufika kwanza. Ndivyo ilivyokuwa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani na wavuvi wakaifikia kwa mitumbwi na kusaidia kuwatoa manusura. Watu 19 walifariki katika ajali hiyo. Baada ya wavuvi hufuata vyombo vya Serikali, likiwamo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linalopatikana kwa namba 114, na Jeshi la Polisi, linalopatikana kwa namba 112. Taarifa yenye manufaa hutaja mambo manne: mahali, aina ya chombo, idadi ya watu na saa ya ajali.

Utafutaji ziwani una mipaka yake, na ni vyema familia zielezwe mipaka hiyo mapema. Giza huzuia kazi. Hata katika ajali ya MV Nyerere shughuli za uokoaji zilisimamishwa usiku na kuendelea asubuhi. Upepo na mikondo huweza kuusogeza mwili mbali na mahali pa ajali, na magugumaji au nyavu huweza kuuficha. Katika maji ya uvuguvugu kama ya Ziwa Victoria, mwili uliozama huweza kuibuka baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo mialo jirani yote ipewe taarifa, si ule wa karibu tu, na wavuvi waombwe kutazama ufuo kila alfajiri.

Mwili unapopatikana, usizikwe kwa haraka kabla ya Polisi na daktari kufanya kazi yao. Daktari huchunguza na kuthibitisha chanzo cha kifo, ndugu hutambua, kisha kibali cha mazishi hutolewa. Kwa familia iliyochoka na yenye majonzi, hatua hizi huonekana kama usumbufu, lakini ndizo zinazozuia kosa baya kuliko yote, la kumzika mtu wa familia nyingine na kumwacha wako bila jina. Mavazi, kovu, meno na kitu alichobeba marehemu ni alama zinazosaidia pale ambapo uso hautambuliki tena.

Baada ya mazishi, kifo kiandikishwe kwa utaratibu wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao sheria unaousimamia inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Cheti cha kifo ndicho kinachofungua mlango wa mirathi, akiba ya benki, mafao na haki za watoto. Pale ambapo mwili haukupatikana kabisa, mlango huo haufungwi moja kwa moja: sheria inaruhusu Mahakama kuthibitisha kwamba mtu anahesabiwa amefariki, ingawa njia yake ni ndefu zaidi. Hapo tena, orodha ya abiria na maelezo ya manusura huwa ushahidi wenye uzito.

Picha za marehemu hazina nafasi katika simu za watu. Mzazi asijifunze kifo cha mwanawe kwa picha iliyosambazwa mtandaoni kabla ya viongozi kumfikia. Taarifa za majina zitolewe na mamlaka, familia zikiwa zimekwisha kuarifiwa.

Manusura nao ni wafiwa

Macho ya jamii huelekea kwa waliokufa, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo waliookolewa hubeba mzigo usioonekana. Kuna aliyemshika mtoto mkono na ukamponyoka. Kuna aliyeogelea na kufika, naye hajui kwa nini amefika yeye. Kukosa usingizi, kuogopa maji, kushtuka kwa kelele ndogo na kujilaumu ni mambo yanayowapata watu wengi baada ya ajali, nayo si dalili ya udhaifu wa imani wala wa akili.

Kinachosaidia katika siku za mwanzo ni vitu vya kawaida: kuwa na watu wa karibu, kula, kulala, kupewa taarifa za kweli na kusikilizwa bila kuulizwa maswali ya kuhukumu. Asiyetaka kusimulia asilazimishwe. Dalili zikiendelea kwa majuma, au mtu akianza kusema kwamba afadhali naye angekufa, apelekwe kituo cha afya. Maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na hospitali, ikiwamo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, Musoma, ni sehemu ya msaada huo.

Watoto wanahitaji ukweli unaolingana na umri wao. Kumwambia mtoto kwamba mama amesafiri ni kumfanya amngoje mwaloni kila jioni. Aambiwe kwa maneno machache na ya upole kwamba mama amefariki, kwamba si kosa lake, na nani atakayemtunza. Shule iarifiwe ili mwalimu aelewe ukimya wa mwanafunzi. Mtoto aliyepoteza wazazi na kuanza kunyanyaswa au kunyang'anywa haki yake anaweza kusaidiwa kupitia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyotozwa malipo.

Mashirika ya dini na wazee wa ukoo wana kazi ambayo ofisi haiwezi kuifanya. Sala ya pamoja, arobaini, kumbukumbu ya mwaka na kurudi ufukoni kuomba dua humpa mfiwa mahali pa kuweka huzuni yake. Mwanza hukumbuka waliofariki katika MV Bukoba kwenye makaburi ya Igoma, na Bwisya kuna mnara wa kumbukumbu ya MV Nyerere. Jamii yenye mahali pa kukumbuka haisahau kirahisi kwa nini inakumbuka.

Kwa nini mtumbwi hupinduka

Ukweli wa ajali ndio sehemu ya pili ya faraja. Pasipokuwa na maelezo ya kitaalamu, nafasi yake huchukuliwa na uvumi: mara ni mzimu wa ziwa, mara ni mkosi wa fulani. Uvumi huzaa uhasama ukweni na ujirani, na huiacha hatari halisi ikiendelea kupakia abiria kesho yake.

Mtumbwi huelea kwa sababu sehemu yake iliyo ndani ya maji husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na uzito wote wa chombo na mzigo. Kila abiria anayeongezwa huushusha mtumbwi, na nafasi kati ya maji na ukingo hupungua. Nafasi hiyo ndiyo akiba ya usalama. Ukingo ukiwa juu ya maji kwa kiganja kimoja tu, wimbi la kawaida linatosha kuingiza maji ndani.

Maji yakishaingia, hayatulii. Mtumbwi ukiinama kushoto, maji yote hukimbilia kushoto na kuuongezea uzito upande uleule ulioinama. Abiria wakiogopa na kuhamia upande wa pili kwa pamoja, chombo hugeuka kwa kishindo. Kusimama nako huongeza hatari, kwa sababu uzito unapopanda juu, chombo hupoteza uthabiti. Kwa hiyo ajali nyingi hutokana na mambo manne yanayokutana: watu wengi mno, mbao zinazovuja, wimbi au upepo, na hofu.

Kuna jambo la tano, na ajali iliyozamisha mitumbwi miwili kwa pamoja inalazimisha litajwe. Mtumbwi mdogo unaokwenda kuokoa unaweza kuzama nao. Watu wanaozama hushika ukingo wa upande mmoja kwa nguvu zote, na chombo chenye abiria tayari hakina nafasi ya kuwapokea. Wema usio na utaratibu unaweza kuongeza idadi ya makaburi.

Kulisoma ziwa kabla ya kuondoka

Ziwa Victoria hutengeneza hali yake ya hewa. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hali hugeuka: ardhi hupoa, upepo huelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati na kuinua mawingu mazito. Hii ndiyo sababu ngurumo na dhoruba kali hutokea mara nyingi usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wako kazini. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huweza kuvuma kwa nguvu hata kama anga ni jeupe na hakuna dalili ya mvua. Msafiri anayetazama mawingu peke yake anaweza kudanganyika katika miezi hiyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa watumiaji wa ziwa. Taarifa hizo zina thamani pale tu zinapofika mwaloni na kubadilisha uamuzi wa mtu. Utaratibu mzuri ni kila mwalo kuwa na mtu mmoja anayesikiliza utabiri asubuhi na jioni na kuuandika ubaoni, na kupandisha bendera au alama inayoeleweka siku ambayo mitumbwi haipaswi kuondoka. Kuahirisha safari kwa saa tatu ni hasara ndogo.

Kanuni za safari ya mtumbwi

Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuanza kazi mwaka 2018. Majukumu yake ni pamoja na kusajili vyombo, kuvikagua, kutoa vyeti na kutoa elimu ya usalama kwa wamiliki, manahodha na abiria. Chombo cha kuvulia si chombo cha abiria, na cheti cha kimoja hakikihalalishi kingine.

Hata hivyo mkaguzi hawezi kuwapo katika kila mwalo kila asubuhi. Abiria ndiye mkaguzi wa mwisho. Mambo yafuatayo anaweza kuyaangalia mwenyewe kabla ya kupanda:

Kwanza, jaketi okozi. Kila mtu awe nalo, limtoshe na lifungwe kifuani kabla ya mtumbwi kuondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto halivaliki ndani ya maji yenye mawimbi. Mtoto anahitaji la ukubwa wake, kwa kuwa la mtu mzima humtoka kichwani.

Pili, idadi. Uwezo wa chombo uandikwe ubavuni na uheshimiwe. Mtoto mchanga ni mtu mmoja katika hesabu, na gunia la mahindi lina uzito wa mtu.

Tatu, ukingo. Mtumbwi ukizama hadi ukingo kukaribia maji ukiwa bado mwaloni, hautafanya vizuri zaidi katikati ya ghuba. Abiria ashuke, hata kama nauli imelipwa.

Nne, vifaa. Kuwe na kasia la akiba hata kama kuna injini, chombo cha kukumbia maji, kamba ndefu, tochi, filimbi na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Tano, nahodha. Asiwe amelewa, awe anaijua njia, na neno lake la kukataa abiria wa ziada liungwe mkono na viongozi wa mwalo badala ya kuzomewa.

Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri husaidia mtu kuelea na linafaa kuwamo katika kila mtumbwi. Hata hivyo haliwezi kuchukua nafasi ya jaketi okozi, kwa sababu aliyechoka au kupoteza fahamu hulishika kwa muda mfupi tu.

Chombo kinapopinduka

Mtumbwi wa mbao uliopinduka mara nyingi huendelea kuelea. Kanuni ya kwanza ni kuushika na kubaki nao. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na waogeleaji hodari hufa wakijaribu kuufikia. Chombo kilichopinduka huonekana kwa urahisi na waokoaji kuliko kichwa cha mtu mmoja. Walioko majini washike pande zote mbili kwa uwiano, watoto wawekwe juu ya mgongo wa mtumbwi, na filimbi au sauti itumike kwa zamu ili nguvu zisiishe.

Anayeokoa atupe kwanza kitu kinachoelea au kamba kabla ya kusogea. Asogee na chombo kisicho na abiria, awachukue watu mmoja mmoja kupitia upande wa tezi au omo, si ubavuni, na asikubali kuzidi uwezo. Waliobaki wapewe dumu, kamba au jaketi wakati msaada mwingine unakuja.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo ili atapike maji. Hatua hizo hupoteza dakika zinazoweza kumwokoa. Alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nyuma ili njia ya hewa ifunguke, apulizwe pumzi mdomoni huku pua ikiwa imebanwa, kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu katikati: mikandamizo 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma hadi apumue au mtaalamu afike. Hata aliyezinduka na kuonekana mzima afikishwe kituo cha afya, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Kutoka msiba wa kijiji hadi ajenda ya dunia

Kufa maji kulihesabiwa kwa muda mrefu kama bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Mtazamo huo umebadilika. Mwezi Aprili 2021, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu kuzuia vifo vya maji na kuitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Watoto na vijana ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Shirika hilo linapendekeza hatua zinazofahamika: kuwafundisha watoto wa umri wa kwenda shule kuogelea na stadi za usalama majini, kuwafundisha wananchi uokoaji na huduma ya kwanza, kusimamia vyombo vya majini kwa sheria, na kuwaangalia watoto wadogo. Katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, asasi ya EMEDO yenye makao Mwanza ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo na jamii za wavuvi. Kwa mkoa kama Mara, wenye shule nyingi zinazoonekana kutoka ufukoni, kumfundisha mtoto kuelea ni elimu ya msingi kama kusoma na kuandika.

Tarehe hizo mbili, 25 Julai ya dunia na 30 Julai ya Mchigondo, zimeachana kwa siku tano tu. Juma hilo linaweza kuwa la kazi katika kila mwalo wa Musoma, Bunda na mapito ya Mto Mara huko Butiama: mitumbwi ikaguliwe, majaketi yahesabiwe, daftari jipya la abiria lifunguliwe na vijana wafundishwe namna ya kumzindua aliyezama. Kazi hiyo ingeandamana na sala, na majina ya waliofariki yangesomwa mbele ya chombo kinachojiandaa kuondoka.

Kwa wafiwa, hakuna kanuni inayomrudisha aliyekwenda. Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya mama anayepita mwaloni na kuona mtumbwi umejaa kama siku ile, na mama anayepita na kumwona nahodha akihesabu watu, akiwafunga watoto majaketi na kumwambia wa mwisho angoje zamu ya pili. Siku mama huyo atakapoiona hesabu hiyo ikifanywa bila kusukumwa na mtu, ndipo naye ataweza kuanua matanga.